Sikuzing'oa Tomati Zangu

Siku moja ya posho, kwetu njo kusema Jumamosi, katika baridi ya mwezi wa sita, prezida wa bustani zetu za bondeni alikuja akasimama kwenye kichwa cha matuta yangu. Hakukanyaga ndani. Alinyoosha mpini wa jembe lake kuelekea tomati zangu kama mtu anayeonyesha nyoka, na mimi wakati huo nimeinama, matako juu, nafunga shina kwenye fito kwa ganda la mgomba. Hakungoja niinuke, akaniita kambo, yaani bibi, kama bonde zima linavyoniita.

“Kambo, tomati zako ziko na ile bugonjwa ya mvi. Bantu bote banaiona. Inafaa uzing'oe.”

“Nizing'oe ngapi?”

“Zote. Unang'oa, unachoma, na kipande cha udongo unarudishia komite. Sheria unaijua.”

Sheria niliijua kuliko yeye. Wakati tunaitunga, yeye alikuwa anauza kredi za simu pale gare, stesheni ya treni, hajui hata kwamba tomati inataka fito. Nilinyoosha mgongo taratibu, maana mgongo wangu siku hizi haukubali kuharakishwa, na nikamwambia sitang'oa.

“Utang'oa, Kambo.”

“Minyi nilikubeba mu mugongo wakati mama yako alikuwa anauza samaki ya Bukama. Ukanikojolea. Leo unakuja kunionyesha mpini?”

Wanawake waliokuwa wanachota maji mtoni walicheka. Yeye hakucheka, lakini kwa kuwa watu walikuwa wanasikia na mimi ni mzee, alishindwa kuondoka bila kunipa kitu. Nilimwomba siku nne za posho. Alihesabu kwa vidole kana kwamba ni hesabu ngumu.

“Posho ine. Ile ya ine tunakuja komite yote, na majembe. Tukikuta mvi, hatuongee tena.”

“Mukuje,” nikamwambia. “Mutanikuta hapa.”

Sasa mtu asiyelijua bonde letu atasema mwanamke huyu anapiga kelele kwa ajili ya vipande vya tomati. Ngoja nieleze. Bonde liko nyuma ya reli, upande wa chini, na mto wake ni mdogo lakini haukauki. Udongo ni wa chifu, komite inagawa. Kipande changu tulikipata mimi na mume wangu alipoacha kazi ya reli, au tuseme kazi ya reli ilipomwacha yeye. Alichimba kisima kidogo pale juu, akakizungushia mawe ya njia ya treni, mawe ambayo sitaki kueleza aliyatoa wapi. Alikufa. Watoto wangu, mmoja yuko Kolwezi, mwingine Lubumbashi. Wote wawili wananipigia simu na neno moja: mama, kuya ukae. Kukaa! Nakujua kukaa. Ni kupewa mkeka kwenye kona ya nyumba ya mkwe, na kungoja bukari, ugali wa mwanamke mwingine, na kusifu mboga yake hata kama ni chumvi tupu. Kwenye kipande changu mimi najilisha, na nikitaka kumpa mtu tomati, nampa. Wakikichukua, mkeka unaningoja. Hicho ndicho prezida alikuwa anakigusa kwa mpini wake, na alijua.

Na sasa nitasema jambo baya, kwa sababu nikiliacha wengine watalisema kwa niaba yangu. Ile sheria, ya kwamba bustani ikiugua mwenyewe ang'oe kila kitu na kipande apewe mtu mwingine, mimi ndiye niliyeileta. Nilisimama kwenye mkutano, nikiwa na meno yangu yote, nikapiga kelele kuliko wanaume. Mwaka ule kulikuwa na mnyauko. Asubuhi mmea umesimama, jioni umelala kama mlevi. Ulianza kwa mama mmoja wa Kasai. Huyu alizaliwa hapa hapa Kamina, akiwa msichana wazazi wake wakapandishwa kwenye treni pamoja naye, ile miaka watu wa Kasai walipofukuzwa huku kwetu, na baadaye alirudi na mume wake, karani. Nilisema ang'oe. Tulimpa siku mbili. Aling'oa mbele yetu sote, shina moja baada ya jingine, hakutukana, akajifunga kikwembe chake upya na kuondoka. Na mnyauko ulibaki vilevile, ukala bustani za watu wengine mpaka mvua. Lakini hakuna aliyesema tumrudishe. Mimi pia sikusema.

Baada ya misimu kadhaa alipata tena kipande, kile chenye maji mengi ambacho watu hawakitaki. Kiko ubavuni mwa changu. Kwa hiyo alikuwa pale pale, anapalilia, wakati prezida ananipa zile posho nne. Prezida alipopanda kilima, mama yule aliniita yaya, dada mkubwa, bila kuinua kichwa.

“Posho ine, yaya. Minyi mulinipa siku mbili.”

Nilichukua arozwari yangu, ndoo ya kumwagilia, nikaenda kuchota maji, na maji sikuyahitaji.

Huo ugonjwa wenyewe, watu wa bonde wanauita mvi kwa sababu hakuna jina jingine linalofaa. Unaanza pale chini, kwenye majani yanayogusa udongo, au kwenye ua lililokufa likabaki limeshikamana na tunda changa. Kwanza ni doa la kahawia kama umemwagia chai. Halafu, baada ya asubuhi mbili tatu za umande, linaota manyoya ya kijivu, laini, karibu mazuri. Ukiligusa, vumbi linapanda kama moshi, na hilo vumbi njo mbegu yake, linaenda kwa jirani. Tunda linakuwa laini, linatoa maji, linaanguka. Shina ulilolikata kwa kisu nalo linaingiwa pale pale kwenye kidonda. Watoto wa njiani walikuwa wanasema tomati za yule kambo zimezeeka pamoja naye. Niliwafukuza kwa udongo.

Nilikuwa nimejaribu yote tunayojua. Majivu ya jikoni juu ya majani. Maji ya tumbaku. Maji ya sabuni. Jirani wa ng'ambo alinipulizia ile dawa ya unga ya madukani na pompi yake, mara mbili, na mimi nikakohoa wiki nzima, mvi yenyewe haikusikia kitu. Padri alipita akanyunyiza maji ya baraka, na kusema kweli hata hayo yaliongeza unyevu tu.

Basi Jumatatu nilipanda mpaka ofisi ya kilimo mjini. Nilikaa kwenye benchi asubuhi mbili. Mkubwa wa pale aliniuliza mimi ni wa muungano gani wa wakulima, na karatasi yangu iko wapi, na niliposema nimekuja na majani, nikafungua sashe ya plastiki, alirudisha kiti nyuma. Ni mwanamke mmoja wa chumba cha nyuma aliyetoka kuchukua sahihi, akaona sashe yangu, akainama kabisa mpaka pua ikagusa. Alikuwa agronomu, mtu wa miaka arobaini hivi, amesomea Lubumbashi, viatu vyake vina udongo. Nilimpenda kwa hivyo viatu.

“Bon, mama. Unamwanginaka maji saa ngapi?”

“Magaribi. Kama bantu bote.”

“Kutoka juu, na arozwari?”

“Sasa nitaimwangia kutoka chini? Tomati inafaa ilale na maji.”

Hapo alikaa kwenye benchi kando yangu. Lazima mjue kwamba bondeni kwetu kumwagilia magharibi siyo kazi tu. Jua likipungua, kila mtu anashuka na arozwari yake, na njo pale tunapata habari: nani ameoa, nani amekimbia kutoka upande wa Malemba-Nkulu na amefikia kwa nani, treni imekwama wapi safari hii. Tunamwagia majani mpaka yanang'aa, tunapanda nyumbani tumeshiba maneno. Yule agronomu aliniambia kwamba hayo majani yakilala yameloa kwenye baridi ya mwezi wa sita, bonde zima limefunikwa ukungu mpaka asubuhi, tunakuwa tumeitandikia ile kuvu kitanda na blanketi. Maji ni ya asubuhi, alisema, na ni ya kwenye shina.

Halafu akanipeleka chumba cha nyuma akanionyesha kitu ambacho nilitaka kukitemea mate. Mchele, ndani ya sashe, umeota kuvu ya kijani kabisa, kijani cha magamba ya mjusi.

“Hii njo dawa,” akasema.

“Hii njo buchafu. Muchele ya namna hii minyi naitupaka hata kuku haioni.”

“Mama, sikia. Ile kuvu ya kijivu inapenda kintu yenye imekufa. Ua yenye imekufa, jani yenye imekufa, fasi pale kisu ilikata. Inakula pale, inapata nguvu, inaingia mu kintu kizima. Hii ya kijani nayo inapenda vyakula vile vile. Lakini yenyewe haina shida na tomati nzima. Ukiitangulisha, inakaa kwenye meza ya kwanza. Mwingine akifika, anakuta sahani iko tupu. Tena inamukula na yeye.”

Nilisoma miaka mitatu tu, kwa masista, na mwaka wa tatu nilikuwa nafua zaidi kuliko kusoma. Lakini habari ya kumtangulia mtu mezani ninaielewa. Nimezaliwa wa saba nyumbani kwetu.

Alinifundisha: mchele upikwe nusu, upoe, uingie kwenye sashe safi na kipande kidogo cha ile ya kijani, ufungwe, ukae kivulini siku saba mpaka wote uwe kijani. Kisha uoshwe kwenye ndoo, maji yachujwe kwa kitambaa, yanyunyizwe kwenye mimea jioni jua likiwa limepoa, kidogo kidogo, siyo kuogesha. Kabla ya hapo, majani yote yenye ugonjwa yatolewe kwa mkono, yaingie kwenye sashe, yapelekwe mbali. Akaniambia tena, kwa kidole: hii haitibu kilichooza, inalinda kile kilichobaki.

Nilirudi nyumbani nimebeba ile kuvu ndani ya kikwembe. Nilifanya yote kama alivyosema, mpaka siku ya saba. Sashe zangu tatu zilikuwa za kijani, nzuri sana, nimeshaanza kuzipenda. Na hapo mikono yangu ikafanya ujinga wake. Kwetu kitu chochote kibichi kikitoka ndani kinapelekwa juani: muhogo, samaki, maharagi, kikwembe, hata mtoto mwenye mafua. Tangu nizaliwe sijaona kitu kinachoharibiwa na jua la kiangazi. Nilifungua sashe, nikatandaza ule mchele juu ya bati, katikati ya lupango, kiwanja cha nyumba, siku mbili nzima. Niliugeuza kwa mkono kama unga wa muhogo. Ulipokauka nikautwanga. Na kwa kuwa kwetu dawa ya majani haiendi bila majivu, nikaongeza majivu kopo zima. Nilikuwa najisifu. Nilipuliza huo unga kwenye bustani yote, nikaimba.

Agronomu alikuja na taksi ya pikipiki siku ya posho ya pili. Alishika unga wangu kwa vidole, akaunusa, akanitazama.

“Mama. Uliianika?”

“Niliianika muzuri. Siku mbili.”

“Na hii nyeupe ni nini?”

“Majivu. Kidogo tu.”

Alicheka mpaka akashika goti lake, halafu akaacha kucheka kwa sababu aliona uso wangu. “Ile ilikuwa kintu yenye uzima,” akasema. “Uliichoma na jua, kisha ukaizika na majivu. Umeiua mara mbili.”

Mvi ilikuwa imepanda mpaka nusu ya mimea. Posho mbili zilikuwa zimekwisha. Mbele ya mtu mwingine ningesema ni mchele mbaya, ni sashe mbovu, maana mimi ni mtu wa kutafuta sababu. Siku hiyo nilisema: nimekosa, nipe tena. Alinipa kipande kilichobaki kwake, kidogo kama ukucha, amekifunga ndani ya karatasi, na akanionya kwamba kingine kitatoka Lubumbashi, na kutoka Lubumbashi ni kusema Mungu anajua lini.

Safari hii sashe zilikwenda chini ya kitanda changu, upande wa ukuta. Mchele wenyewe nilipungukiwa, nikatumia mahindi ya kuvunjavunja, yakakubali. Nikilala nilikuwa najua ile kuvu iko chini yangu inakua. Mchana nilikuwa bondeni natoa majani. Hii kazi usiniambie ni ndogo. Shina moja baada ya jingine, nashika jani polepole, naliingiza kwenye sashe kabla halijatoa moshi wake, natoa kila ua lililokauka kwenye kitako cha tunda. Matunda ya kijani yenye doa, nayo nikatoa, na hapo roho iliuma, kwa maana yalikuwa makubwa kama ngumi. Na nikaanza kumwagilia asubuhi, kwa kopo, kwenye shina, peke yangu, miguu imekufa kwa baridi.

Magharibi sikushuka tena. Watu walisema nimeogopa. Wengine walisema napika lutuku, ile pombe kali, kwa sababu walinusa mahindi yaliyochemshwa. Mmoja, sitasema ni nani maana kanisani tunakaa benchi moja, alisema mwanamke anayefuga kuvu chini ya kitanda hafugi kuvu tu. Neno kama hilo kwa mwanamke mzee na mjane, kila mtu anajua linaelekea wapi. Nilimfuata mpaka kwenye mlango wake, saa nne ya asubuhi, watu wanapita, nikamwekea sashe moja mikononi nikamwambia afungue anuse. Alinusa. Nikamuuliza mchawi wake ananukaje. Akasema kunanuka kama msitu baada ya mvua. Basi, nikasema, kaende kawaambie hivyo wale uliowaambia lile lingine.

Mama wa Kasai, yeye hakuingia kwenye maneno hayo. Asubuhi moja nilishuka mapema kuliko kawaida, ukungu bado umelala juu ya mto, nikamkuta ameshafika. Alikuwa anachuma majani kwenye bustani yake na kuyaficha ndani ya kikwembe, kiunoni. Aliponiona alisimama kama mtu aliyeshikwa anaiba. Nilikwenda karibu. Yalikuwa na manyoya ya kijivu.

“Tangu lini?” nikauliza.

“Tangu ya kwako.”

“Na unayaficha?”

“Weye uko na mudomo, yaya. Bantu banakuogopa. Minyi nikisema iko kwangu, hata siku mbili hawatanipa.” Alikifunga kikwembe vizuri. “Utanisema?”

Nilitaka kumjibu kwa hasira, kwamba ananichukulia mtu wa namna gani. Lakini alikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa alishaniona kwa macho yake nikiwa mtu wa namna hiyo. Nilimwambia jioni aje nyumbani na ndoo.

Alikuja. Tulifungua zile sashe za chini ya kitanda, tukazigawa nusu kwa nusu, tukaosha mahindi mpaka maji yakawa kijani kama ya bwawa, tukachuja kwa kitambaa changu cha kichwa. Alisema kwamba mama yake hangekubali kitu hiki kiingie jikoni. Nikasema mama yangu angenipiga kwa mwiko. Tulishuka pamoja jua likipoa, wakati wengine wanapanda, kila mmoja na mfagio mdogo wa majani anauchovya na kunyunyizia. Tulirudia baada ya siku tano. Hatukuongea habari ya ile sheria. Nilikuwa nalo neno mdomoni siku zote hizo, likawa linazunguka tu kama mtu anayetafuta mlango.

Posho ya nne ilifika. Komite ilishuka yote, watu saba, kila mmoja na jembe lake begani, na nyuma yao nusu ya bonde, kwa sababu kuona mtu anang'olewa ni starehe isiyolipishwa. Nilikuwa nimevaa vizuri. Prezida aliingia safari hii, akakanyaga tuta langu, akaanza kupita shina kwa shina.

Ngoja niseme ukweli wa alichokikuta. Mimea yangu ilikuwa imekonda, chini imenyolewa kama kuku aliyechemshwa, matunda yamepungua sana. Lakini pale juu maua mapya yalikuwa safi, na matunda machanga yalikuwa safi, na vidonda vya kisu vilikuwa vimekauka bila manyoya. Alipita tuta la kwanza, la pili. Kwenye la tatu aliinama, akainuka na jani moja. Lilikuwa na doa, na kwenye doa manyoya.

“Kambo. Hii ni nini?”

“Ni mvi.”

“Basi.”

“Basi nini? Nilikuambia imekwisha? Imepungua. Ungekuja na macho ungeona imepungua.”

“Sheria haisemi kupungua. Sheria inasema bugonjwa.” Akawageukia watu. “Na yeye mwenyewe njo aliileta. Si ni weye, Kambo?”

“Ni minyi.”

“Ah. Halafu leo imekuwa mbaya, kwa sababu imefika kwako.”

Watu walicheka, na kusema haki ilikuwa ya kuchekesha. Nilihisi masikio yanawaka. Lakini mzee ana faida moja, ameshaaibika mara nyingi, moja zaidi haimuui.

“Ndiyo,” nikasema. “Ilikuwa mbaya tangu zamani, na minyi nilikuwa mbaya pamoja nayo. Huyu mama nilimung'olesha tomati yake yote, na bugonjwa haikuondoka, na hakuna mutu alimurudishia kintu. Nilinyamaza. Imefika kwangu njo nimeona meno yake. Sina haya ya kusema. Lakini sing'oe. Mukitaka, mung'oe nyinyi, minyi nikiwa nimesimama hapa katikati.”

Mmoja wa wanaume alishusha jembe lake, akaangalia miguu yangu, akaangalia prezida. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Na hapo nilijua neno jingine la kuwaambia komite, nilikuwa nalo tayari tangu juma zima: tupite bustani zote. Hii kuvu iko kila mahali, mimi nilikuwa nimeiona kwa macho yangu, asubuhi, nikiwa peke yangu bondeni. Lakini bustani ya kwanza baada ya yangu ilikuwa ya mama wa Kasai. Nikilisema, wangeanzia kwake. Nililimeza. Prezida aliona nimenyamaza, akadhani nimekwisha, akashika shina la kwanza kwa mkono.

“Muanzie kwangu,” akasema mama wa Kasai.

Alikuwa amesimama mpakani, mikono kiunoni. Sijawahi kumsikia anaongea kwa sauti ile.

“Iko kwangu pia. Ilikuwa nyingi, leo iko kidogo, dawa ni ya yaya. Kama munang'oa, munang'oa yake, munang'oa yangu, halafu tunashuka pamoja mpaka mwisho wa mto. Kila bustani. Nitawabebea majembe.”

Prezida alisema hilo halikuwa kwenye mkutano wa leo. Lakini watu walikuwa wameshaanza kushuka, kwa sababu starehe ilikuwa inaongezeka. Wa tatu, mvi. Wa nne, mvi, na mwenyewe anaapa kwamba ni vumbi la barabara, na barabara iko mbali sana. Wa tano hana, alikuwa na vitunguu tu, akapiga makofi mwenyewe. Ya sita ilikuwa ya prezida. Ni bustani kubwa, inapendeza, majani mengi, yamejaa, yameloa bado kwa maji ya jana jioni. Nilipiga magoti pale mbele ya watu wote, nikaingiza mkono chini, nikainua jani moja tu. Moshi wa kijivu ulipanda mpaka kwenye suruali yake.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanafikiri tomati za kwao.

“Hii ni ya leo,” akasema prezida. “Jana haikuwa.”

“Sawa, mwana wangu,” nikasema. “Ung'oe basi, tuone namna inafanyika.”

Alitazama mimea yake muda mrefu. Ilikuwa na matunda mengi, na mke wake alikuwa amesimama nyuma na mtoto mgongoni, anamtazama yeye. Mwishowe aliweka jembe begani na kusema komite itakutana kuiangalia ile sheria upya. Mpaka leo haijakutana. Hakuna aliyeng'oa kitu siku ile, na kipande changu hakuna aliyekuja kukiuliza tena.

Sisemi tulishinda ugonjwa. Nilipoteza zaidi ya nusu ya matunda, na jirani yangu vilevile. Wengi bado wanamwagilia magharibi, hawawezi kuacha yale maneno, na siwalaumu, hata mimi nayakosa. Prezida alimtuma mke wake kwangu kuomba sashe moja. Nilimpa, na nikamwambia mara tatu asianike. Watoto wangu wakipiga simu nawaambia nina kazi.

Siku ile ya komite, watu walipokwisha kupanda kilima, tulibaki wawili, mimi na mama wa Kasai, kila mmoja kwenye tuta lake. Ndipo lile neno la mdomoni likapata mlango. Nilimwambia kwamba nilimkosea, ile siku ya mnyauko, na baadaye pia, kwa kunyamaza. Aliendelea kuchuma majani.

“Nilikuwa na mashina sitini,” akasema. “Nilikuwa nimeyahesabu.”

Akasogea kwenye shina lililofuata, na mimi nikasogea kwenye langu, tukaendelea kutoa majani mpaka jua likawa kali.